Imamu Ghazali na Mizani ya Akili

Imamu Abu Hamid Al-Ghazali alizaliwa Tus, nchi ya Khorasan, mwaka 1058. Baba yake, msokota sufu, alifariki akamwacha yeye na nduguye Ahmad wangali wadogo. Alisoma Nishapur kwa Imamu Juwayni, na mwaka 1091 waziri Nidhamul-Mulk akampa kiti cha kufundisha katika chuo cha Nidhamiya, Baghdad. Miaka minne baadaye ulimi wake ulifungika mbele ya wanafunzi, chakula kikawa hakipiti. Akaacha cheo na mali, akashika njia ya Sham, Baitul-Makdis na Makka.

Wengi wetu twamjua kwa Ihyaa. Mimi nampendea na jambo jingine, nalo ni elimu ya mantiki. Walikuwako wanavyuoni walioiona ni uchafu wa Wayunani. Yeye alishikilia kuwa ni mizani tu, haithibitishi dini wala haiikanushi. Hata kitabu chake cha usuli, Al-Mustasfa, akakifungua kwa mantiki. Alieleza kuwa mtu akidai tatu ni nyingi kuliko kumi, na kwa ushahidi akageuza fimbo kuwa nyoka, yeye atastaajabia ule ujanja, lakini kumi itabaki kubwa.

Nilimkumbuka huko Mwiki, upande wa Ruiru, nilipokuta vijana wakikaribia kushikana mashati kwa fumbo la zamani. Wageni watatu walilipa chumba shilingi 30, kila mmoja 10. Mwenye nyumba akampa mtumishi 5 awarudishie. Mtumishi akaficha 2, akawapa moja moja. Basi kila mgeni katoa 9, jumla 27. Ongeza 2 za mtumishi, 29. Shilingi moja i wapi? Mmoja wao alikwisha kuapa kwamba hesabu yenyewe ni uongo wa walimu.

Nikawapimia kwa mukadima mbili na natija. Zile 27 ndizo zote walizotoa wageni. Alizoficha mtumishi zimetoka katika walizotoa wageni. Natija: 2 zimo ndani ya 27, na 25 zilizobaki anazo mwenye nyumba. Kuziongeza juu ni kuzihesabu mara mbili. Anayeitaka 30 na aongeze zile 3 zilizorudi mifukoni. Yule wa kiapo alinyamaza, ingawa si kwa furaha.

Mwaka 1106 Imamu alirudi kufundisha Nishapur, kisha akarejea kwao Tus, alikofariki Disemba 1111, Mungu amrehemu. Ubishi juu ya mantiki haukuzikwa naye. Ibn Salah wa Dameski, aliyefariki 1245, aliiharamisha kwa fatwa. Naye alikuwa Mshafii kama Ghazali, na kama sisi.