Robert Holbrook Smith

Robert Holbrook Smith (anajulikana zaidi kama Dr. Bob; St. Johnsbury, Vermont, Marekani, 8 Agosti 1879 – Akron, Ohio, 16 Novemba 1950) alikuwa daktari mpasuaji wa Marekani. Pamoja na Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa kutoka New York, alianzisha Alcoholics Anonymous (kifupi: AA), yaani umoja wa walevi wasiotajwa majina, ambao wanachama wake hukutana ili kusaidiana kuacha pombe.

Ujana na masomo

Alikuwa mtoto wa jaji, akalelewa katika nyumba ya watu wa dini. Alipelekwa kanisani mara nyingi kila wiki, hata akaazimia kutokanyaga tena huko akishajitegemea. Alisoma Chuo cha Dartmouth hadi mwaka 1902, na huko ndiko alikozoea kunywa. Ulevi ulimfanya aache masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan. Aliyamaliza Chicago, kwenye chuo cha Rush, mwaka 1910. Baadaye alifanya kazi Akron, na mwaka 1915 alimwoa Anne Ripley.

Ulevi

Kwa miaka mingi alimeza dawa za kutuliza asubuhi ili mikono isitetemeke wakati wa upasuaji, kisha akanywa jioni. Chupa alizificha kwenye pipa la makaa na juu ya boriti za chumba cha chini. Marufuku ya pombe nchini Marekani (1920-1933) haikumzuia, kwa kuwa madaktari waliruhusiwa kupata pombe kwa matumizi ya tiba.

Mikutano ya Kundi la Oxford

Mwaka 1933 Anne alianza kwenda naye kwenye mikutano ya Kundi la Oxford, mwamko wa Kikristo ulioongozwa na Frank Buchman. Washiriki waliungama makosa, walisali na kutafakari kimya. Smith alihudhuria kwa takriban miaka miwili na nusu, akasoma vitabu vyote alivyopewa, akaendelea kulewa. Si kwamba wenzake walikuwa wabaya. Hatimaye aliwakiri kuwa anakunywa kwa siri, nao walipiga magoti wakamwombea. Ila wengi wao walikuwa watu wa heshima ambao pombe haikuwa tatizo lao, na ushauri wao ulitoka nje ya ugonjwa wake.

Mei 1935 Wilson alikuwa Akron kwa shughuli ya biashara iliyoshindikana. Alikuwa na miezi mitano bila kunywa, na katika hoteli alivutwa na sauti za baa. Badala ya kuingia alipiga simu kwa wachungaji akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hivyo alifika kwa Henrietta Seiberling, mshiriki wa Kundi la Oxford, naye akamwita Smith. Siku hiyo Smith alikuwa amelewa mno. Alikuja kesho yake, 12 Mei, baada ya kumwambia mke wake kwamba angekaa robo saa tu. Walizungumza zaidi ya saa sita. Wilson hakumhubiria, bali alimweleza alivyokunywa yeye mwenyewe. Kwa Smith huyo alikuwa mtu wa kwanza kuzungumza naye juu ya ulevi akiujua kwa kuupitia.

Hata hivyo hakuacha papo hapo. Alilewa tena safarini kwenda mkutano wa madaktari huko Atlantic City. Tarehe 10 Juni 1935 alikunywa mara ya mwisho, na AA huihesabu siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwake. Hamu ya pombe ilimsumbua kwa zaidi ya miaka miwili mingine.

Kazi katika AA

Smith na Wilson walianza kutembelea walevi hospitalini. Tangu mwaka 1939, akishirikiana na Sista Ignatia katika hospitali ya St. Thomas, Smith aliwatibu bila malipo walevi wanaokadiriwa kufikia 5,000.

Mwaka huohuo walevi wa Cleveland walijitenga na Kundi la Oxford, kwa sababu baadhi yao walikuwa Wakatoliki na Kanisa lao halikuwaruhusu kuhudhuria mikutano hiyo. Wale wa Akron walifuata miezi michache baadaye, ingawa Smith aliwapenda wenyeji wake wa zamani na kutengana kulimuuma.

Tangu hapo sharti la kuingia AA ni moja: nia ya kuacha kunywa. Hakuna ada. Mikutano ya wazi hupokea hata ndugu na wageni. Mingine ni ya wenye tatizo peke yao. Walevi wawili wakikutana kwa nia hiyo wanatosha kuwa kikundi, jambo lenye uzito kwa Mbeya au Iringa, ambako kilabu cha komoni au ulanzi huwa karibu kuliko mkutano wowote wa namna hii. Nchini Tanzania Hatua Kumi na Mbili za AA zinajulikana zaidi kupitia nyumba za upataji nafuu (soba), hasa za Zanzibar, zinazohudumia pia watumiaji wa dawa za kulevya.

Kifo

Anne alifariki mwaka 1949. Smith, akiwa mgonjwa wa saratani, alihutubia mkutano wa kwanza wa kimataifa wa AA huko Cleveland mnamo Julai 1950, kwa dakika chache tu, akafariki miezi minne baadaye. Nyumba yake huko Akron ni makumbusho. Jiwe la kaburi lake halitaji AA.