Shaykh Rifaa At-Tahtawi: Imamu wa Misri Aliyekwenda Kuishi Paris

Mzazi wa visiwani anapomsindikiza kijana wake uwanja wa ndege kwenda kusoma Ulaya, hurudi nyumbani na khofu moja kubwa: je, mwanangu atarudi na dini yake? Khofu hiyo si ya leo. Takriban miaka 200 iliyopita, Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alipopeleka Ufaransa kundi la wanafunzi zaidi ya 40, alihakikisha wanakwenda na imamu wa kuwaswalisha na kuwawaidhi. Imamu aliyepata umaarufu kuliko wanafunzi wote hao ni Shaykh Rifaa Rafi At-Tahtawi, Allah Amrehemu, naye ndiye tunayemzungumzia leo.

Alizaliwa mwaka 1801 katika mji wa Tahta, kusini mwa Misri, mwaka ule ule majeshi ya Ufaransa yalipoondoka nchini mwake. Alihifadhi Qur'an utotoni, akafiwa na baba yake mapema, na mwaka 1817 akaingia Al-Azhar. Hapo akawa mwanafunzi wa karibu wa Shaykh Hasan Al-Attar, mwanachuoni aliyewahi kukaa na wataalamu wa Kifaransa walipokuwa Kairo na kuona kwa macho yake elimu waliyokuwa nayo. Al-Attar ndiye aliyempendekeza Rifaa kwa safari ya Paris, na ndiye aliyemuusia aandike kila atakachokiona.

Waliondoka Iskandaria mwaka 1826 kwa meli ya kivita ya Kifaransa, wakafika Marseille, mji ambao leo una maelfu ya ndugu zetu wa Ngazija. Hawakuruhusiwa kuingia mjini mara moja. Walitiwa karantini kwa zaidi ya wiki mbili, kwa khofu ya maradhi, na humo ndimo ugeni ulipoanza. Badala ya busati waliletewa viti. Badala ya sinia moja, kila mtu aliwekewa sahani yake, kisu chake, uma wake na gilasi yake. Vitanda navyo vilikuwa vimeinuliwa juu ya sakafu. Walipotoka, Shaykh akaingia mkahawani, akadhani ameingia katika mtaa uliojaa watu. Baadaye akajiona mwenyewe na wenzake wakitembea ukutani, akafahamu kuwa ni vioo. Ameyaandika haya yote bila haya, nasi tunapenda tabia yake hiyo: hakujifanya mjuzi wa mji asioujua.

Palepale Marseille alianza kujifunza herufi za Kifaransa. Tukumbuke kuwa hakutumwa kusoma. Alitumwa kuwa imamu tu, na angeweza kuswalisha, akapokea posho yake na kurudi kwao vile alivyokwenda.

Paris waliwekwa chini ya usimamizi wa Jomard, mtaalamu aliyewahi kufika Misri na jeshi la Bonaparte. Mwanzo waliishi pamoja katika nyumba moja. Walisoma, lakini lugha haikuwakaa vizuri, kwani wakishatoka darasani walizungumza wao kwa wao. Ndipo wakatawanywa katika skuli za bweni, wawili hapa, watatu pale, wakaishi na Wafaransa. Kila aliyewahi kuhamia ugenini atalielewa jambo hili. Kukaa na watu wa kwenu kunapoza moyo, lakini ulimi haufunguki.

Shaykh Rifaa alitoa fedha zake mwenyewe kununua vitabu na kumlipa mwalimu wa ziada. Alisoma usiku mpaka jicho lake la kushoto likadhoofika. Tabibu akamkataza kusoma usiku, naye hakuacha. (Hapa hatumsifu, macho ni amana.)

Je, aliwaonaje watu wa mji ule? Aliwapima jambo kwa jambo. Aliwasifu kwa usafi, kwa kupenda kazi na kwa hamu yao ya kujua, hata kwa watu wa kawaida. Aliona kuwa ukarimu kwa mgeni ni wa Waarabu, na kuwa Wafaransa mkono wao ni mzito kutoa. Katika dini alisema wazi kuwa wengi wao wana jina la Ukristo tu, na kwamba wanaifanya akili kuwa ndiyo hakimu wa kila kitu, jambo ambalo hakulikubali. Alipotafsiri katiba yao ya mwaka 1814, aliona kuwa wanachokiita uhuru kinakaribiana na kile ambacho sisi tunakiita uadilifu na insafu. Na mwaka 1830, wananchi walipomuondoa Mfalme Charles X, yeye alikuwepo Paris, akayaandika yaliyotokea.

Suala la nyama pia lilimkuta, kama linavyowakuta vijana wetu. Alimtuma mtumishi wake wa Kimisri machinjioni akachinje mwenyewe. Mtumishi akamkuta ng'ombe anapigwa kichwani kwanza, akarudi mbio akimshukuru Allah kwamba hakumuumba ng'ombe katika nchi ile. Ni kichekesho, lakini kinatuonesha kuwa katika miaka mitano ya ugenini imamu huyu alihangaikia kuchinjiwa kisheria.

Mwaka 1830 alitahiniwa mbele ya jopo la wataalamu, akaweka mezani tafsiri 12. Mwaka uliofuata akarudi Misri. Kitabu chake kuhusu Paris, Takhlis al-Ibriz, kilichapishwa Bulaq mwaka 1834, na dibaji ilikuwa ya mwalimu wake Al-Attar, ambaye wakati huo alikuwa Shaykh wa Al-Azhar. Mwaka 1835 skuli ya lugha ilifunguliwa Kairo kwa rai yake, naye na wanafunzi wake wakatafsiri mamia ya vitabu kwa Kiarabu.

Alipokuja mtawala mwengine, Abbas, skuli ilifungwa, na Shaykh akapelekwa Khartoum, mbali na watu wake. Wenzake wengi walifia huko. Yeye akaka miaka kadhaa akisomesha na, nje ya darasa, akitafsiri kwa Kiarabu hadithi ndefu ya Kifaransa, kwa lugha ile aliyoanza kujifunza herufi zake Marseille. Mwaka 1854 akarejea Kairo, akaendelea na kazi, na katika miaka ya mwisho akaandika kitabu cha malezi ya wasichana na wavulana. Alifariki mwaka 1873.