Burt Munro: Mzee aliyeisuka upya pikipiki ya 1920 hadi ikavunja rekodi

AGOSTI 26, mwaka 1967, mzee wa miaka 68 mwenye maradhi ya moyo alijipenyeza ndani ya gamba jekundu lenye umbo la samaki, juu ya pikipiki iliyotoka kiwandani miaka 47 kabla ya siku hiyo. Mbele yake ulitanda uwanda mweupe wa chumvi wa Bonneville, katika Jimbo la Utah nchini Marekani.

Alipomaliza kazi yake siku hiyo, pikipiki ambayo wengi wangeiita chuma chakavu ilikuwa imeweka rekodi ya kasi katika daraja la injini zisizozidi sentimita za ujazo 1,000.

Mzee huyo alikuwa Herbert James Munro, maarufu kwa jina la Burt, raia wa New Zealand ambaye hakuwa na kiwanda wala kundi la wahandisi nyuma yake. Alichokuwa nacho ni banda dogo, zana za kawaida na subira ya zaidi ya miaka 40.

Munro alizaliwa Machi 25, 1899, mjini Invercargill, kusini kabisa mwa nchi hiyo. Dada yake pacha alifariki wakati wa kuzaliwa, na wazazi wakaelezwa kuwa hata mtoto huyo aliyesalia asingeishi zaidi ya miaka miwili. Utabiri huo haukutimia.

Alikulia katika shamba la familia huko Edendale, ambako alipenda kumpanda farasi mwenye mbio kuliko wote shambani. Ujana ulipobisha hodi, mapenzi hayo yalihamia kwenye pikipiki.

Mwaka 1920 alinunua pikipiki mpya aina ya Indian Scout, iliyotengenezwa Springfield, Marekani. Ilikuwa na injini ya silinda mbili yenye ujazo wa takriban sentimita 600, na mwendo wake wa juu haukuzidi kilomita 89 kwa saa. Kwa matumizi ya barabarani wakati ule, mwendo huo ulitosha. Kwa Munro, haukutosha.

Kuanzia mwaka 1926 alianza kuifungua na kuibadilisha. Mchana alijipatia riziki kwa kuuza pikipiki na kuzitengeneza, na usiku aliurudia mradi wake. Baada ya ndoa yake kuvunjika aliishi katika banda la gereji, kitanda na vyuma vikiwa chini ya paa moja.

Tatizo lake la kwanza lilikuwa namna injini ile ilivyopumua. Katika muundo wa kiwandani, valvu zilisimama ubavuni mwa silinda, hivyo mchanganyiko wa hewa na mafuta ulilazimika kupinda kona kabla ya kufika mahali pa kuungua. Muundo huo ulikuwa rahisi na imara, lakini uliibana injini kila ilipotakiwa kuzunguka kwa kasi kubwa.

Munro aliuondoa. Alijenga vichwa vipya vya injini na kuzipandisha valvu juu ya silinda, ili hewa iingie na moshi utoke bila kizuizi kikubwa. Pole pole akaongeza pia ujazo wa injini, hadi ukafikia takriban sentimita 950 mwaka 1967.

Hata hivyo, kila nguvu iliyoongezeka ilidai gharama yake. Injini iliyosanifiwa kwa mwendo wa kadiri sasa ilibeba joto na mgandamizo ambao waliyoibuni hawakuukusudia. Pistoni zilipasuka. Mikono inayounganisha pistoni na mhimili wa injini ilikatika, na ikikatika katika mwendo mkali huweza kubomoa kila kilicho karibu nayo.

Vipuri vya kuhimili mateso hayo havikuuzwa dukani, na kiwanda cha Springfield chenyewe kilisitisha uzalishaji mwaka 1953. Munro alikwishazoea kujitengenezea. Aliyeyusha vyuma na kumimina pistoni zake mwenyewe, akitumia makopo makuukuu kama kalibu. Alijiundia silinda, flaiwili na mfumo wa kulainisha injini kwa oili. Mikono ya pistoni aliichonga kwa mkono kutokana na chuma kigumu cha ekseli ya trekta. Hata kipimo cha kupimia unene wa vyuma alikitengeneza kutokana na spoku kuukuu.

Vipuri vilivyovunjika hakuvitupa. Alivipanga kwenye rafu ya bandani na kuiandika kuwa ni sadaka kwa mungu wa kasi. Ulikuwa utani wa fundi, lakini pia ilikuwa maktaba yake, kwani kila kipande kilimwonyesha mahali chuma kiliposhindwa na mahali pa kuimarisha safari ijayo.

Haba na haba ikajaza kibaba. Mwaka 1938 aliweka rekodi yake ya kwanza ya kasi nchini mwake, na baadaye akaongeza nyingine saba. Ufukwe wa Oreti, karibu na Invercargill, ndio uliokuwa uwanja wake wa majaribio.

Ufukwe huo ulipokuwa mfupi kwa kasi aliyoitamani, macho yake yaligeukia Bonneville. Alifika huko mara kumi, mara ya kwanza akiwa mtazamaji tu. Wakati huo alikwishaanza kusumbuliwa na maumivu ya kifua yatokanayo na maradhi ya moyo, na kila safari ilimaanisha kuvusha pikipiki baharini kwa fedha za kuungaunga.

Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 63, aliweka rekodi ya kilomita 288 kwa saa katika daraja la sentimita za ujazo 883. Mwaka 1966 aliweka nyingine ya kilomita 270 katika daraja la 1,000.

Mwaka 1967 nusura umalizike kwa msiba. Katika mojawapo ya mbio zake pikipiki ilianza kuyumba. Munro aliinuka ili upepo umpunguzie mwendo, lakini upepo huohuo ukampokonya miwani na kumwacha haoni mbele. Alikikosa kigingi cha chuma kwa inchi chache, akailaza pikipiki ubavu na kutoka na michubuko.

Rekodi ya Bonneville hupatikana kwa kukokotoa wastani wa mbio mbili, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi. Wastani wa Munro mwaka huo ulitangazwa kuwa kilomita 295.45 kwa saa, na katika mbio moja ya kufuzu alifikia kilomita 305.89.

Mwaka 1977 alipatwa na kiharusi. Mwili ulipokataa kuitii akili, aliziuza pikipiki zake mbili kwa mfanyabiashara wa Invercargill, kwa kuwa alitaka zibaki katika mkoa wake. Alifariki dunia Januari 6, 1978, akiwa na umri wa miaka 78.

Filamu ya mwaka 2005 iliyoongozwa na Roger Donaldson, huku Anthony Hopkins akiigiza nafasi yake, ndiyo iliyolifikisha jina la Munro kwa watu wasiojua lolote kuhusu pikipiki.

Hata hivyo, hesabu yake ilikuwa bado haijafungwa. Mwanawe alibaini kuwa wastani wa mwaka 1967 ulikosewa kukokotolewa. Mwaka 2014 Chama cha Waendesha Pikipiki cha Marekani, AMA, kilikiri kosa hilo na kuisahihisha rekodi kuwa kilomita 296.26 kwa saa.

Tofauti haikufika hata kilomita moja. Lakini kwa fundi aliyetumia miongo minne kuifukuza kasi kwa vipande vidogo vidogo, ilikuwa haki yake, ingawa ilimfikia akiwa kaburini kwa miaka 36.