MTOTO ALIYETOLEWA MOTONI

Kijana mwenzangu, simama kidogo. Karatasi hii usiifungie karanga kabla hujaimaliza!

Usiku wa tarehe 9 Februari 1709, katika mji mdogo wa Epworth, Uingereza, nyumba ya mchungaji Samuel Wesley ilishika moto. Watu wakakurupuka usingizini. Mama Susanna, naye ni mjamzito, akapita katikati ya moto, ukamwunguza mikono na uso. Kuhesabu watoto, mmoja hayupo! John, mwenye miaka 5, amebaki ghorofani. Baba akajaribu kupanda, ngazi zinawaka. Akapiga magoti, akaikabidhi roho ya mwanawe kwa Mungu. Mara mtoto akaonekana dirishani. Mtu mmoja akasimama juu ya mabega ya mwenzake, akamnyakua. Papo hapo paa likaporomoka.

Mtoto huyo ndiye John Wesley, ambaye Mungu alimtumia kuitikisa Uingereza kwa uamsho. Lakini hebu mtazame mama yake kwanza.

Susanna alizaa watoto 19, na 9 wakafa wachanga. Mwaka 1705 mumewe alitupwa gerezani kwa madeni. Sasa hata nyumba imekwisha. Watoto wakatawanywa kwa watu, na walipokusanywa tena walikuwa wameharibika: nyimbo za ovyo, maneno machafu, adabu hakuna. Ungekuwa wewe si ungekata tamaa? Mama yule alianza upya.

Alianza na mambo madogo tu. Kuamka na kulala ni kwa Sala ya Bwana. Aliyekosa akisema kweli, hachapwi. Ukiahidi, timiza. Kitu cha mwenzako usiguse bila ruhusa, hata kama ni pini. Msichana asipewe kazi ya kushona mpaka ajue kusoma vizuri. Shule ilikuwa palepale nyumbani, saa 6 kwa siku, mwalimu ni mama. Na kila wiki kila mtoto alikuwa na jioni yake ya kukaa na mama na kuongea habari za roho yake. Siku ya John ilikuwa Alhamisi.

Je, ilisaidia? John alizoea kuamka saa 10 alfajiri mpaka uzeeni. Mwaka 1743, pale Wednesbury, kundi la wahuni lilimburuta usiku likitaka kumwua, hakuacha kuhubiri. Mdogo wake Charles alitunga nyimbo za kumsifu Mungu zaidi ya 6,000. Hao ni watoto wa mama aliyeanza upya.

Lakini sikiliza vizuri hapa. Malezi mema peke yake hayaokoi mtu! John alikuwa na adabu, elimu na uchungaji. Mwaka 1735 alivuka bahari kwenda kuhubiri Marekani. Dhoruba ilipopiga akagundua anaogopa kufa. Akarudi mwaka 1738, ameshindwa. Ndipo tarehe 24 Mei mwaka ule, katika mkutano mdogo jijini London, moyo wake ukashika moto mwingine: akajua kwamba Yesu amemsamehe yeye, John, dhambi zake. Alikuwa na miaka 34. Tangu hapo alihubiri mpaka alipofariki mwaka 1791, akiwa na miaka 87. Na mafundisho yake juu ya utakatifu ni mojawapo ya mizizi ya uamsho wa Kipentekoste.

Sasa wewe je? Labda unaye mama anayekuombea usiku, na wewe unamkimbilia kijiweni. Au labda hukulelewa na mtu. Baba humjui, pombe na bangi ndizo zilizokupokea. Usiseme umechelewa. Nyumba ya Wesley ilianza upya ikiwa majivu. Na kesho kutwa wewe utaitwa baba au mama. Utawapa wanao nini, kama mwenyewe huna kitu?

Moto unawaka, ndugu yangu, na Yesu yuko dirishani amenyosha mikono. Usisubiri paa lianguke! Hapo hapo ulipo, mwambie kwamba wewe ni mwenye dhambi, umechoka, unamhitaji. Mkaribishe awe Bwana wa maisha yako. Halafu kesho uamke mapema, uombe, usome sura moja ya Injili ya Yohana. Kesho kutwa hivyo hivyo. Tafuta kanisa la waliookoka, wakulee.

Yesu anakupenda. Kata shauri leo!