Askofu Edward Steere: Mtu Aliyeandika Alichojua

Sisi tunaosali kwa Kiswahili hatuna budi kumkumbuka Askofu Edward Steere. Wengi wanamjua kwa kanisa kuu la Mkunazini, Unguja. Mimi niliyefundisha miaka mingi napenda kumtazama kwa upande mwingine: jinsi alivyowagawia wenzake maarifa.

Alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria kabla ya kuwa padre. Mwishoni mwa Agosti 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer wa UMCA. Vitabu vya Kiswahili walivyokuwa navyo vilikuwa vichache mno, hasa sarufi na orodha ya maneno ya Dr. Krapf. Novemba ile Askofu Tozer alikwenda Mombasa, na huko akanakili orodha iliyosahihishwa, aliyokuwa nayo Padre Rebmann wa CMS. Basi kazi ya Steere yenyewe ilianza kwa jirani asiyekuwa mchoyo wa daftari lake.

Naye Steere alitenda vivyo hivyo. Aliketi na wenyeji wa Unguja, wazee kwa vijana, akauliza, akasikiliza, akaandika. Wao ndio waliokuwa walimu wake. Hakungoja mpaka awe bingwa. Kila alipopata sehemu ya kufaa aliichapa katika mtambo mdogo wa misheni, na vijana wa misheni wakajifunza kazi hiyo ya kupiga chapa. Mwaka 1870 kilitoka kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, na mwaka huo huo hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Aliandika pia vijitabu vya Kishambaa, Kiyao na Kinyamwezi, ili atakayetumwa bara asianze na mikono mitupu.

Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na siku ya Krismasi mwaka huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa mahali pale pale. Steere alifanywa Askofu mwaka 1874, akasimamia ujenzi mwenyewe. Wageni wafikapo huonyeshwa nguzo ndogo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu, na husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Askofu alipokuwa safarini. Ikiwa ndivyo, ni fundisho zuri: kazi ambayo ujuzi wake umo katika kichwa cha mtu mmoja huharibika siku ile asipokuwapo.

Lakini katika mambo makubwa hakuacha pengo hilo. Mwaka 1879 alimweka John Swedi kuwa shemasi. Huyu alikuwa mmoja wa wavulana watano waliookolewa utumwani na kukabidhiwa misheni mwaka 1864. Cecil Majaliwa, aliyesoma Kiungani, alipata upadre mwaka 1890, wakati Steere amekwisha kulala.

Maana Askofu alifariki ghafula tarehe 27 Agosti 1882, mwenye umri wa miaka 54, akazikwa ndani ya kanisa lake. Hakupata nafasi ya kumwita mtu kando na kumwachia maelezo. Hata hivyo kazi haikusimama, kwa kuwa maelezo yalikuwa yamekwisha kuandikwa. A. C. Madan alikichukua kitabu chake, akakisahihisha na kukiongeza, kisha akatunga kamusi zake mwenyewe. Juu ya kazi ya Madan ikajengwa kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, ambayo walimu wa rika langu tuliijua sana. Krapf, Rebmann, Steere, Madan, Johnson: kila mmoja alimpokeza mwenzake kijiti.

Ndugu zangu, katika shule, zahanati na ofisi zetu wako watu hodari wanaofunga ujuzi wao kabatini, wakiogopa kwamba kijana akijua, wao watakuwa si kitu. Siku ya kustaafu huondoka na ufunguo. Anayebaki huanza upya, na wanaoumia ni watoto na wagonjwa. Steere hakupungukiwa na heshima kwa kugawa alichojua. Jina lake limedumu kwa sababu hiyo hiyo.

Basi mhasibu wa parokia, kiongozi wa kwaya, mwalimu wa katekisimu, kila mmoja na ajiulize: nikiitwa usiku huu, nani ataweza kuishika kazi yangu kesho asubuhi? Kama hayupo, tuanze kumfundisha wiki hii.