Emmy Noether: Profesa Asiye na Mshahara

Emmy Noether alizaliwa tarehe 23 Machi 1882 mjini Erlangen, Ujerumani, akiwa binti wa Max Noether, profesa wa hisabati katika chuo kikuu cha mji huo. Mnamo 1900 alifaulu mtihani wa kumruhusu kufundisha Kifaransa na Kiingereza katika shule za wasichana, kazi iliyohesabiwa kuwa ya staha kwa mwanamke wa siku zile. Aliipa kisogo, akataka hisabati. Maadamu wanawake hawakuruhusiwa kusajiliwa chuoni, alihudhuria mihadhara kama msikilizaji tu, tena kwa ridhaa ya kila mhadhiri. Mlango ulifunguliwa 1904, naye akapata shahada ya uzamifu mwaka 1907.

Hapo ndipo mkasa wenyewe unapoanzia. Tangu 1908 hadi 1915 alitafiti na kufundisha Erlangen pasi na cheo wala ujira, mara nyingine akishika zamu ya babake aliyekuwa mgonjwa. Mwaka 1915 David Hilbert na Felix Klein, vigogo wa hisabati wa Göttingen, walimwalika awasaidie kutatua mafumbo yaliyotokana na nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein. Göttingen kilikuwa chuo cha dola ya Prusia, na kanuni za wizara zilimnyima mwanamke idhini ya kuhadhiri. Miongoni mwa maprofesa waliompinga walikuwamo wanahistoria na wanafilolojia (sisi watu wa lugha tuna la kujibu hapa). Husimuliwa kwamba Hilbert aliwakumbusha kuwa seneti ya chuo si hamamu. Hatimaye hila ikapatikana: mihadhara ilitangazwa kwa jina la Hilbert, Noether akitajwa kama msaidizi wake. Hakulipwa hata senti.

Ni katika hali hiyo alipotoa kazi yake ya 1918. Alithibitisha kwamba ulinganifu katika kanuni za maumbile huambatana na kitu kisichopungua wala kuongezeka: iwapo kanuni hazibadiliki kwa kupita wakati, basi nishati huhifadhika. Fizikia ya kisasa imejengwa juu ya msingi huo. Ilhali ilimbidi Klein aiwasilishe kazi hiyo mbele ya jumuiya ya wanasayansi ya Göttingen, kwani mwandishi wake hakuwa mwanachama, wala hakufanywa mwanachama maishani mwake. Kwa maoni yangu, kosa la dola halikuwa kumfungia mlango tu. Iliyapokea matunda ya utafiti wake huku ikimwacha aishi kwa mali ya familia.

Ufalme ulipoanguka, wanawake walipata kura, na mnamo 1919 Noether akapata idhini ya kuhadhiri. Mwaka 1922 aliitwa profesa, jina tupu lisilo na mshahara. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 41, ndipo alipoanza kupewa malipo madogo ya kufundisha aljebra. Mwaka 1932 alitoa hotuba kuu katika kongamano la kimataifa la wanahisabati mjini Zürich. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilimfukuza kwa kuwa alikuwa Myahudi. Alihamia Bryn Mawr, chuo cha wanawake nchini Marekani, akafariki huko tarehe 14 Aprili 1935 baada ya upasuaji.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, shirika linalogawa fedha za umma kwa watafiti wa Ujerumani lilianzisha mpango wenye jina lake. Wanasayansi chipukizi, wa kike kwa wa kiume, hugharimiwa waongoze vikundi vyao vya utafiti. Mshahara wa kiongozi umo.