Papwa Sewgolum, bingwa wa gofu aliyeshika fimbo kinyume
Anayeanza gofu, iwe Likasi au kwingineko, hufundishwa kushika fimbo mkono wa kulia ukiwa chini ya wa kushoto. Sewsunker "Papwa" Sewgolum wa Durban, Afrika Kusini, mwenye asili ya Kihindi, aliweka wa kushoto chini. Hakuwa na mwalimu. Alijifunza akiwabebea wachezaji mifuko. Kwa mshiko huo alipiga fimbo zote, za mipira ya mbali na za karibu na shimo, akatwaa ubingwa wa Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964.

Mwaka 1963 alishinda mashindano ya wazi ya Natal. Kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, alikabidhiwa kombe nje, mvua ikinyesha. Baadaye serikali ilimzuia kushindana na Wazungu. Alifariki mwaka 1978, akiwa maskini.